Jasho la Karani, Mali ya Mwajiri: Hatari za Kunakili Mafaili ya Kazini Kabla ya Kuondoka

Utangulizi

Shianda ni soko lililo kando ya barabara itokayo Mumias kwenda Kakamega, katikati ya mashamba ya miwa. Kwa miongo mingi riziki ya wakazi wake imefungamana na kiwanda cha sukari cha Mumias, ambacho kilianza kusaga miwa mwaka 1973 na kuwekwa chini ya meneja mrasimu mnamo Septemba 2019. Hakuna haja ya kumweleza mkazi wa Shianda maana ya kauli kwamba kazi imekwisha. Lakini kiwanda si mwajiri wa pekee. Zipo shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo, maduka ya pembejeo na afisi za serikali, na katika nyingi za afisi hizo tarakilishi imechukua nafasi ya daftari. Hivyo basi, anayeondoka kazini leo huacha nyuma yake mafaili, na aghalabu hushawishika kutoyaacha yote.

Makala haya yanafafanua hatari za ushawishi huo. Hoja yake kuu ni kwamba karani anayenakili faili huona ndani yake jasho lake mwenyewe, ilhali faili hilohilo lina wenyewe wengine: mwajiri, na zaidi ya mwajiri, watu ambao majina yao yameandikwa humo.

Na achukuliwe karani wa kubuni katika afisi inayowahudumia wakulima wa miwa hapo Shianda. Kwa miaka sita ameandika orodha ya wakulima: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya shamba, tani zilizopelekwa, makato ya mbolea, akaunti ya benki. Juma lake la mwisho linapofika, anachomeka flashi na kunakili kila kitu. Sababu zake si za kishetani. Anahofia kwamba malipo yake ya mwisho hayatatolewa na anataka ushahidi. Anaamini kwamba barua na majedwali aliyoyabuni ni yake. Tena anatumaini kwamba orodha ile itamfungulia mlango kwa mwajiri mwingine. Sababu hizi tatu hazina uzito sawa mbele ya sheria, na kosa la karani huyu ni kuzitia zote katika flashi moja.

Tatizo la kitenzi

Mwanafunzi wa lugha atatambua kwamba sehemu ya utata huu imo katika maneno. Kitenzi 'kuiba' hubeba picha ya kitu kinachotoka kwa mwenyewe: kuku akiibwa, banda hubaki tupu. Sheria nayo ililelewa katika picha hiyo. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachoeleza wizi, kinasema kwamba mtu hahesabiwi kuwa amechukua kitu mpaka akisogeze au akifanye kisogee. Lakini faili likinakiliwa halisogei. Hubaki palepale, na mwajiri hulikuta asubuhi kama alivyoliacha jioni. Ndiyo maana karani husema, kwa moyo mweupe, kwamba hakuchukua kitu, alinakili tu.

Kisichobaki palepale ni udhibiti. Kabla ya kunakili, aliyeamua nani aione orodha alikuwa mmoja. Baada ya kunakili wamekuwa wawili, na wa pili hana wajibu wowote aliouandikia. Kiswahili bado hakijapata kitenzi kimoja chepesi cha kueleza upotevu wa aina hii. 'Kuvujisha' kinakaribia, ila huhusu siri iliyokwisha kumfikia mtu wa tatu, si ile iliyolala katika mfuko wa suruali.

Kitabu cha oda na gari la kuku

Jambo hili ni la kale kuliko tarakilishi. Mwaka 1895 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Robb dhidi ya Green. Green alikuwa meneja wa biashara ya kuuza ndege wa kuwindwa na mayai yao. Kabla ya kuondoka alinakili kwa siri, kwa kalamu, majina ya wateja kutoka kitabu cha oda cha tajiri wake, kisha akafungua biashara yake na kuwaandikia wateja walewale. Alishindwa. Mahakama ilisema kwamba mkataba wa kazi hubeba ndani yake ahadi ya uaminifu, hata kama haikuandikwa.

Takriban karne moja baadaye, mwaka 1986, mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, nayo ni ya kuku. Fowler, aliyekuwa meneja wa mauzo, aliiacha kampuni na kuanza kuuza kuku wabichi kwa magari katika maeneo yaleyale. Aliwajua wateja, njia na bei. Kampuni ilishindwa. Mahakama iliona kwamba ujuzi ambao mfanyakazi huupata kwa kawaida kazini, ukakaa kichwani mwake, ni sehemu ya stadi zake, isipokuwa pale unapofikia kiwango cha siri halisi ya biashara.

Maamuzi ya Uingereza hayafungi mahakama za Kenya, ingawa husomwa humo kwa heshima. Kwa karani wa Shianda kesi hizi mbili zina thamani kuliko maonyo mengi ya afisini. Kumjua mkulima fulani wa Makunga, na kujua kwamba hulima miwa mizuri, ni mali yake. Hakuna jaji atakayemtaka aisahau. Kulibeba jedwali lenye nambari ya kitambulisho ya mkulima huyo ni jambo jingine kabisa.

Sheria za Kenya zinavyosema

Kuhusu imani kwamba majedwali ni ya aliyeyabuni, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iko wazi: kazi iliyotungwa katika utekelezaji wa ajira chini ya mkataba wa kazi huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa mwajiri, ila pande mbili zikiwa zimepatana vinginevyo. Jasho lililipwa kwa mshahara.

Kuhusu majina ya watu, uzito umeongezeka tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ilipoanza kutumika mnamo Novemba 2019. Anayepata data za watu bila idhini ya taasisi inayozihifadhi, au anayemfichulia mtu mwingine, hutenda kosa. Adhabu ya jumla chini ya sheria hiyo ni faini isiyozidi shilingi 3,000,000 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Karani anaweza kujitetea kwamba idhini alikuwa nayo, kwa kuwa alipewa nywila. Utetezi huo ni dhaifu: idhini ya kulifungua faili ili kuandika malipo haikuwa idhini ya kulipeleka nyumbani. Isitoshe, katika soko dogo mkulima aliyeandikwa humo ni jirani, shemeji au mdeni wa mtu. Makato ya mbolea ya mtu yakijulikana njiani, hakuna faini itakayoyarudisha afisini.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 ina kifungu ambacho wafanyakazi wachache hukifahamu. Mfanyakazi, kwa kuzingatia mkataba wake, hutakiwa kusalimisha nywila na haki zote za kuingia katika mitambo ya mwajiri mara tu ajira inapokoma. Akikaidi, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka miwili. Wale wanaofuta mafaili kwa hasira siku ya mwisho huingia katika hatari kubwa zaidi, maana kuharibu data ya mwingine ni kosa lenye adhabu kali kuliko hiyo.

Ipo pia hatari isiyosubiri mahakama ya jinai. Katika kipindi cha notisi mfanyakazi bado ni mfanyakazi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humruhusu mwajiri kumwachisha kazi papo hapo kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na miongoni mwa mifano iliyotajwa ni kutuhumiwa, kwa misingi ya kutosha, kwamba ametenda jinai dhidi ya mwajiri au mali yake. Ni kweli kwamba lazima asikilizwe kwanza, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Hata hivyo, aliyenakili ili kulinda malipo yake ya notisi anaweza kuyapoteza kwa sababu ya kunakili.

Mashine hukumbuka

Karani hudhani kwamba flashi haina mdomo. Mfumo wa Windows huandika aina ya kila flashi iliyochomekwa na, aghalabu, nambari yake ya utambulisho, na kumbukumbu hiyo hubaki baada ya flashi kuchomolewa. Baruapepe aliyojitumia hubaki katika seva ya mwajiri. Kulifuta faili mara nyingi ni kuondoa tu alama inayoonyesha lilipo.

Mhandisi Anthony Levandowski aliondoka Google mnamo Januari 2016. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulidai kwamba alikuwa amepakua mafaili yapatayo 14,000 ya mradi wa magari yanayojiendesha. Mwaka 2020 alikiri kosa la kuiba siri ya biashara na kuhukumiwa kifungo cha miezi 18, ingawa alisamehewa na Rais wa Marekani mnamo Januari 2021 kabla ya kukitumikia. Nchini Kenya kwenyewe, mwaka 2019 Mahakama Kuu ilipelekewa kesi zilizohusu madai kwamba data za wateja wapatao milioni 11.5 wa kampuni ya simu ya Safaricom zilikuwa zimetoka nje, na waliokuwa wafanyakazi wake wakatajwa. Hayo yalikuwa madai, nayo hayapaswi kusomwa kama hukumu.

Hofu ya ushahidi

Inabaki ile sababu ya kwanza ya karani, nayo ndiyo inayostahili huruma. Wapo waajiri wasiolipa, na wapo wanaopoteza kumbukumbu kwa makusudi. Kumwambia mfanyakazi aondoke mikono mitupu bila kumwonyesha njia nyingine ni kumtetea mwajiri tu.

Njia zipo. Barua ya ajira, hati za mshahara na barua alizoandikiwa yeye ni zake kuhifadhi. Mwenye busara huzihifadhi tangu mwanzo, si juma la mwisho. Sheria ya Ajira humpa haki ya cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi kwa chini ya majuma manne. Sheria ileile ya data inayomtisha humpa pia haki ya kudai, kwa maandishi, data zinazomhusu yeye mwenyewe. Mzozo ukifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, mahakama inaweza kuombwa imwamuru mwajiri atoe nyaraka. Na kama alichokiona katika faili ni rushwa, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inawalinda watoa taarifa na mashahidi. Lakini taarifa hupelekwa kwa mamlaka husika, haiwekwi katika flashi ikisubiri siku ya kulipiza kisasi.

Iwapo kuna faili analolihitaji kwa dhati, mathalani jedwali tupu alilolibuni na ambalo halina jina la mtu, na aliombe kwa barua. Waajiri wengi hawana sababu ya kukataa jedwali tupu. Akikubaliwa, jibu hilo analiweka pamoja na cheti chake cha utumishi. Akikataliwa, mtu aliyelibuni mara ya kwanza ataweza kulibuni tena, pengine kwa siku mbili.