Nondo za Nyuzi za Kioo na Zege la Mchanga wa Bahari

Vyama vya mwambao vinavyokusudia kujenga maghala huuliza mara kwa mara kama vinaweza kutumia mchanga wa bahari, ulio karibu, badala ya kusafirisha wa mtoni kwa gharama kubwa. Kwa nondo za chuma jibu ni hapana. Chumvi huamsha kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka. Sasa wapo wauzaji wanaonadi nondo za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, wakidai kwamba hazipati kutu na kwa hiyo zitadumu daima. Nusu ya kwanza ya dai hilo ni kweli.

Adui mkubwa wa kioo ni zege lenyewe. Saruji ikikutana na maji hutoa alkali, ule ukali unaochubua mikono ya vibarua. Alkali hiyo na unyevu hupenya resini polepole na kuzila nyuzi, na joto huharakisha kazi hiyo. Mwambao wetu una vyote viwili, joto na unyevu. Ngao ya nyuzi ni resini: ya vinilesta hustahimili kuliko ya poliesta. Majivu ya makaa ya mawe yakishika nafasi ya sehemu ya saruji hupunguza alkali; lakini zege lisilo na saruji kabisa mara nyingi hugandishwa kwa kemikali za alkali kali, basi jina jipya lisimtulize mtu.

Nchini Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu walichunguza madaraja manne na gati moja yenye nondo hizi, yaliyotumika miaka 5 hadi 8, wasione uharibifu. Habari hiyo inatia moyo, ila Kanada ni nchi ya baridi na zege lile lilikuwa la kawaida.

Isitoshe, nondo ya kioo hunyumbuka takriban mara nne kuliko ya chuma, haikunjwi kazini, hukatika bila kuonya, na resini yake hulegea motoni. Fundi asiibadilishe moja kwa moja.

Kabla Halmashauri haijaidhinisha ununuzi, Katibu adai kwa maandishi aina ya resini, matokeo ya majaribio ndani ya alkali, na hesabu za mhandisi. Nakala ziwekwe katika jalada la jengo, Mkaguzi atazihitaji.