Druckenmiller Aliuza Lini?

Mwisho wa Machi 2024, mwekezaji Mmarekani Stanley Druckenmiller aliandikisha hisa kama 176,000 za Nvidia, kampuni ya Marekani inayobuni chipu za akili unde. Mwisho wa Juni akaandikisha kama 214,000. Msomaji wa harakaharaka atakuambia mzee kaongeza. Kumbe alikuwa ameuza karibu asilimia 88 ya hisa zake.

Mwezi huo wa Juni Nvidia iligawa hisa: moja ikawa kumi, na bei ya kila moja ikapungua kwa uwiano huohuo, kama mtu aliyechenji noti ya shilingi elfu kumi akapewa noti kumi za elfu moja. Pochi imetuna, pesa ni ileile. Kwa hiyo zile 176,000 za Machi zinasomeka 1,760,000. Ondoa 214,000 zilizobaki, unapata zaidi ya milioni moja na nusu zilizokwenda sokoni. Mimi huanza hapo kila ninapofuatilia hisa ya teknolojia, maana kampuni hizi hupenda kugawa hisa bei inapopaa.

Hesabu hizi zinatoka kwenye Fomu 13F. Sheria ya Marekani inamtaka kila meneja anayesimamia hisa za soko la huko zenye thamani ya dola milioni 100 au zaidi aipeleke SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji, ndani ya siku 45 baada ya robo mwaka kwisha. Druckenmiller aliacha kuendesha fedha za watu wengine mwaka 2010, na siku hizi kampuni yake, Duquesne, inatunza mali yake mwenyewe. Fomu anaijaza vilevile, na yeyote mwenye simu anaweza kuisoma bure.

Lakini fomu haitaji siku ya kununua wala bei aliyolipa. Inasema tu siku ya mwisho ya robo alikuwa na nini mkononi. Hisa iliyonunuliwa Januari ikauzwa Februari haionekani humo. Fedha taslimu hazimo, wala hisa za kuazima zinazouzwa na mtu anayetarajia bei ianguke. Ukisoma mahali kwamba meneja fulani "alinunua kwa dola kadhaa", jua mwandishi amekisia, pengine kwa kuchukua wastani wa bei za miezi mitatu.

Mtego mwingine umo kwenye thamani. Novemba 2025 mwekezaji mwingine, Michael Burry, alitangazwa kuwa ameweka dola milioni 912 dhidi ya Palantir, kampuni ya programu za kompyuta. Mwenyewe akajibu kwamba alitumia milioni 9.2. Fomu haikudanganya. Burry alinunua haki ya kuuza hisa milioni 5 kwa bei iliyopangwa, na fomu huipa haki hiyo thamani ya hisa zote zilizo nyuma yake. Ada aliyoilipa kuipata haiandikwi.

Turudi kwa Druckenmiller. Nvidia ilionekana kwenye fomu yake mwisho wa 2022. Mapema Mei 2024, kabla siku 45 hazijatimia, aliiambia televisheni ya CNBC kwamba alipunguza mwishoni mwa Machi, baada ya hisa kupanda kutoka dola 150 hadi 900. Oktoba aliliambia shirika la habari la Bloomberg kwamba ameshauza zote, na kwamba lilikuwa kosa kubwa. Wakati huo hisa moja ilikuwa dola 130 na kitu, yaani zaidi ya 1,300 kwa hesabu ya zamani. Fomu ya robo iliyoishia Septemba ilitoka Novemba, bila mstari hata mmoja wa Nvidia. Aliyeisubiri ili amuige alikuwa anauza nyuma ya mtu ambaye tayari alikuwa anajuta kuuza.