Mbegu ya nyanya ya urithi isipotee kwa maradhi

Zamani katika nyumba nyingi mbegu ya nyanya haikununuliwa. Mama alichagua tunda lililoiva vyema, akakausha mbegu zake na kuzihifadhi hadi msimu ujao. Jirani alipoomba, alipewa. Desturi hiyo inafifia, na maradhi ya mimea ni miongoni mwa sababu.

Ni kweli kwamba nyanya nyingi za asili hazihimili magonjwa kama baadhi ya chotara za kisasa. Lakini mbegu za chotara zikipandwa tena, watoto hawafanani na mama, hivyo mkulima hulazimika kununua kila msimu. Nyanya ya asili aghalabu hujichavusha yenyewe, na mbegu yake hurudisha nyanya ile ile. Atakayeipoteza huenda asiipate tena dukani.

Basi na tuyatambue maradhi yenyewe. Bakajani chelewa hupenda baridi na unyevu, na huweza kuangamiza bustani kwa siku chache. Ndio ugonjwa ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Bakajani tangulia huanzia majani ya chini, kwa madoa yenye duara ndani ya duara. Mnyauko wa bakteria huulaza mmea ungali kijani. Likate shina lake, ulitumbukize katika glasi ya maji safi: uziuzi mweupe kama maziwa ukichuruzika, ndio huo. Hauna dawa. Ng'oa mche, uuteketeze, wala usipande hapo nyanya, viazi mviringo, bilinganya au pilipili kwa miaka kadhaa.

Kwa bakajani, kinga ni bora kuliko tiba. Tupande kwa nafasi, tuifunge miche kwenye miti, tuondoe majani yanayogusa ardhi na kutandaza nyasi kavu ili mvua isirushe udongo juu. Tumwagilie shinani, asubuhi.

Mbegu tuichukue kwenye mche uliobaki imara wenzake walipougua. Ikamuliwe pamoja na ute wake, iachwe katika chombo siku 2 hadi 3 ichachuke, ioshwe, ianikwe kivulini. Ikihifadhiwa pakavu, huota hata baada ya miaka 4.

Tusiipande yote kwa msimu mmoja, na sehemu yake tumpe jirani. Maradhi yakiifagia bustani yetu, mbegu itakuwa ingali hai kwake, nasi tutabisha hodi kuiomba.