Ukisafiri na laini ya nyumbani, simu analipa nani?

Msimu wa Hija au Umra ukikaribia, na hata kwa hizi safari za kila siku za Dubai, Muscat na Unguja, mimi huletewa simu nyingi nizitazame. Mtaani kwetu nimekuwa wa kuulizwa mambo haya, na swali huwa ni lile lile: hii laini yangu ya Kenya itafanya kazi huko? Aghalabu itafanya. Swali linalofaa kutangulia ni jingine: ikifanya kazi, nani atalipa?

Hapa nyumbani tumezoea kwamba anayepiga ndiye anayelipa. Ukipigiwa huna wasiwasi, hata mzungumze saa nzima. Ukivuka mpaka, kanuni hiyo hubadilika, na wengi hawaambiwi.

Unaposhuka Jeddah ukawasha simu, kampuni yako haina mnara pale. Laini inashika mnara wa kampuni ya Saudia. Kampuni hiyo inaisoma laini, inaona kwa tarakimu zilizo ndani yake kuwa ni ya Kenya, kisha inaiuliza kampuni yako: huyu ni mteja wenu, aruhusiwe? Kampuni mbili hizo zikiwa na mkataba, unaingia. Hiyo ndiyo huduma inayoitwa rominga. Tangu hapo wewe ni mgeni katika nyumba ya watu. Kila unachotumia, wenye nyumba wanaiandikia kampuni yako deni, nayo inakukata wewe.

Sasa mwanao aliye Likoni anakupigia. Amepiga nambari ya Kenya, na anakatwa bei ya Kenya. Pengine hata hajui kama umeshafika Madina. Simu yake inafika kwanza kwa kampuni yako hapa Kenya, kisha inasafirishwa hadi ulipo. Safari hiyo ya pili lazima ilipiwe, na mlipaji ni wewe uliyepokea. Ukimwambia "ngoja nikutafutie babako mzungumze," dakika zinahesabika.

Linaloniudhi zaidi ni la Mina. Mko wawili, mwenzako amepotea kati ya yale mahema yanayofanana, na nyote mna laini za Kenya. Anakupigia akiwa mita 200 tu kutoka ulipo. Simu ile haiji kwako moja kwa moja. Inakwenda Kenya, halafu inarudishwa Saudia. Yeye anakatwa kama mtu aliyepiga simu ya kimataifa kwenda Kenya, nawe unakatwa kwa kupokea. Salio la mmoja wenu likiisha, mawasiliano yamekatika, na mwenzako bado yuko katikati ya bahari ya watu asiowajua. Ndiyo sababu nashikilia kuwa kila kundi la mahujaji lipate laini za Saudia siku ile ile ya kufika. STC, Mobily na Zain wote wanauza. Utahitaji pasipoti, na utawekwa alama za vidole. Kisha nambari ya kiongozi wa kundi iandikwe kwenye karatasi, maana simu nayo huzima chaji.

Data ina hatari yake, kwa sababu hutumika bila wewe kugusa kitu. Simu ya siku hizi haitulii. Inapokea video za kikundi cha familia, inapandisha picha zako, na usiku inajisasisha programu. Tuseme MB 1 inatozwa shilingi 10. Huo ni mfano wangu tu, bei hutofautiana kwa nchi na kwa kampuni. Video moja ya harusi yenye MB 30 imekula shilingi 300, na programu iliyojisasisha kwa MB 400 imekula shilingi 4,000 umelala. Mwenye kuweka salio kwanza ataamka amebaki na sufuri. Mwenye kulipa mwisho wa mwezi atakutana na bili nyumbani. Kwa hivyo kabla hujapanda ndege, ingia kwenye mipangilio ya simu uzime data ya rominga ya laini ya Kenya. Ukitaka kuitumia, nunua bando la rominga kabla, na usome limeandikiwa nchi gani.

Kwa majirani zetu mambo ni afadhali kidogo, ingawa sisi wa Pwani hatukufaidi sana. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kwamba msafiri kutoka nchi moja asitozwe kwa kupokea simu akiwa katika nyingine, na bei ya kupiga baina yao ikawekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika. Tanzania haikuwamo katika mwanzo huo. Basi mtu wa Nairobi akapata nafuu ya Kampala na Kigali, nasi tulio na shangazi Tanga na wajomba Pemba tukabaki tunatazama. La kuchekesha ni kuwa nyuma kidogo, mwaka 2006, kampuni ya Celtel ilikuwa imeziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kwa mteja wake bila gharama ya kupokea. Kumbe linawezekana.

Wenzetu wa Vanga na Jimbo hawahitaji hata kusafiri. Mnara wa upande wa pili ukiwa na nguvu zaidi, simu inahamia Tanzania nawe umekaa barazani kwako. Dawa yake ni kuzima data ya rominga daima, na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiacha simu ijichagulie.

Haya yote hayana maana kwamba laini ya Kenya uitupe. Kazi yake huko ni nyingine. Meseji za benki zenye nambari za siri huja kwenye laini hiyo, na kupokea meseji mara nyingi hakulipiwi. M-Pesa ya kwenye menyu ya laini inaweza kufanya kazi laini ikishika mtandao wa huko, na hilo si dogo siku ya kuchangia matibabu au matanga. Kama simu yako ina nafasi mbili, weka laini ya Kenya kwa meseji na pesa, na ya huko kwa mazungumzo na data. WhatsApp ikikuuliza kama umebadilisha nambari, iambie unabaki na ile ile. Ila jua kwamba Imarati wamezuia kwa miaka mingi kupigiana kwa WhatsApp. Ujumbe unapita, sauti haipiti. Na nambari za watu wako zihifadhi kwa +254 ukiondoa sifuri ya mwanzo, la sivyo ukipiga 07 ukiwa Muscat, simu itadhani unamtafuta mtu wa huko huko.

Rominga yenyewe iombe ukiwa bado Kenya, na salio liwe ndani. Kuna laini ambazo huduma hiyo haijafunguliwa, na kuifungua ukiwa ugenini ni taabu tupu.

Ninaowahofia zaidi ni hawa binti zetu wanaokwenda Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili. Anafika, anapata laini ya huko, ile ya Kenya inaingia mkobani. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na kampuni, na nambari yake hatimaye huuzwa kwa mtu mwingine. Akirudi anakuta M-Pesa yake haifunguki, benki bado inatuma nambari za siri kwa mgeni, na picha ya mtu asiyemjua ndiyo inayotokea kwenye WhatsApp. Uliza kampuni yako, kabla ya kuondoka, ni siku ngapi laini inaweza kukaa kimya. Kisha kila mwezi mtu wa nyumbani akununulie salio dogo kwa M-Pesa, nawe tuma japo meseji moja.

Wapo wanaoona rahisi kumwachia laini mdogo wao nyumbani ili "iendelee kuishi." Mimi sikubaliani nalo. Aliye na laini ndiye anayepokea siri za benki yako na ndiye anayeweza kuingia katika WhatsApp yako. Hata awe mwaminifu vipi, simu yake yaweza kuibwa kwenye feri.

Na vijana wanaofanya kazi melini: bahari kuu nako kuna mtandao, lakini ni wa setilaiti uliofungwa ndani ya meli, na bando za rominga za kawaida haziufuniki. Meli ikiacha gati, weka simu katika hali ya ndege, halafu uwashe Wi-Fi peke yake.