Ukipiga kambi korongoni, msikize mwenyeji

Je, msomaji, likizo ya Aprili utaimalizia nyumbani? Mimi na rafiki yangu tuliabiri matatu kutoka Kibomet, viungani mwa Kitale, tukaelekea kaskazini. Kapenguria tulitua kidogo kutazama seli walimofungwa Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano, ambao kesi yao ilianza huko mwaka wa 1952.

Kutoka hapo barabara huteremka. Mashamba ya mahindi huisha, joto huzidi, na mbele yako husimama miamba ya Marich, ambako Mto Muruny hupenya milimani kuelekea nyika kavu.

Tulitembea makorongoni hadi magharibi. Mchanga ulikuwa mkavu, laini kama godoro, tukapiga hema papo hapo. Mzee mmoja aliyekuwa akirudisha mbuzi akasimama.

"Wanangu, hapo mmelala njiani mwa maji."

Angani hapakuwa na wingu. Hata hivyo, kwa heshima yake, tulihamia mwinukoni.

Usiku wa manane tulisikia ngurumo kama ya lori. Kulipokucha, mahali petu pa kwanza palikuwa pamejaa matope na magogo. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, katika vilima vya Cherangany.

Usidhani ni mzaha. Katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 Aprili 2012, na wengine 7 Septemba 2019.

Basi funga safari, msomaji. Beba maji, tochi na blanketi. Lakini mwenyeji akikuonya, hamisha hema kwanza. Maswali utauliza asubuhi.