Kijiaskari Chenye Uvungu

Katika kaburi la Mesehti, liwali wa Asyut katika Misri ya kale, wafukuaji walikuta vikosi viwili vya askari wa mti: Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na Wanubi 40 wenye pinde na mishale, wote wamesimamishwa juu ya mbao katika safu za wanne wanne, mguu wa kushoto mbele, kwa muda wa miaka ipatayo 4,000. Askari hao walichongwa kwa hifadhi ya marehemu katika safari ya akhera, wala hawakukusudiwa mchezo wa mtoto; lakini wanashuhudia kwamba tamaa ya binadamu ya kumpunguza askari kimo, mpaka jeshi zima liweze kutiwa chumbani na kuamrishwa na mtu mmoja, ni kongwe kuliko bunduki na baruti.

Kijiaskari cha madini, ambacho ndicho mada ya makala haya, kilipata umaarufu katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, katika karne ya 18, mafundi wa bati, ambao riziki yao ilikuwa sahani na vikombe, walipoanza kusubu sanamu bapa za wanajeshi kwa kalibu zilizochongwa katika jiwe la sleti, jiwe lile lile ambalo wanafunzi wa zamani waliandikia hesabu zao. Johann Gottfried Hilpert, aliye mashuhuri katika fani hiyo, alitoa sanamu ya Mfalme Frederick wa Prussia mwaka 1777. Na warsha ya Ernst Heinrichsen, iliyofunguliwa mwaka 1839, ikaeneza kimo cha milimita 30, hata askari wa mafundi mbalimbali wakaweza kukutana katika uwanja mmoja pasipo mmoja wao kuonekana jitu mbele ya wenzake. Huko Paris na Dresden mafundi walipendelea askari mwenye mwili kamili, aliyeumbika pande zote. Lakini askari huyo alijaa madini toka utosini hadi nyayoni, akawa mzito kwa msafirishaji na ghali kwa mzazi.

Ufumbuzi ulipatikana London mwaka 1893, katika familia ya Britain, watengenezaji wa vitu vya kuchezea vya mitambo, ambako William Britain mdogo alianzisha njia ya kusubu askari mwenye uvungu. Fundi alishika kalibu ya shaba yenye vipande viwili, akamimina ndani yake madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni, na kabla hayajaganda yote akaipindua kalibu kwa mkupuo mmoja, yale yaliyokuwa bado maji yakamwagika kupitia tundu dogo lililoachwa kichwani. Kilichosalia ni ganda tu, kwa sababu madini huanza kuganda pale yanapogusa ukuta wa kalibu ulio baridi kuliko yenyewe, kama mafuta ya nazi yanavyoganda kwanza pembeni mwa chupa wakati wa kipupwe ilhali katikati bado ni maji. Kazi yote ilitegemea mkono uliokwisha kuzoea: akipindua mapema, ganda hutoboka, akichelewa, askari hujaa na faida hupotea. Antimoni nayo ilikuwa na sababu yake, maana risasi tupu ni laini na hunywea inapoganda, na antimoni huipa ugumu na kuipunguzia kunywea, hata kila kifungo cha koti na kila mkunjo wa suruali ukatoka dhahiri. Na kwa sababu hiyo hiyo wapiga chapa waliichanganya katika herufi zao.

Askari huyo mpya alikuwa na kimo cha milimita 54, kilichowiana na magarimoshi ya kuchezea ya wakati ule, na alitiwa rangi kwa mkono, aghalabu na wanawake waliolipwa kwa hesabu ya kazi, kisha akauzwa katika sanduku jekundu, waendao kwa miguu wanane au wapanda farasi watano, wamefungwa kwa uzi juu ya kadi. Kikosi cha kwanza kilikuwa Life Guards, wapanda farasi wa kumlinda Malkia. Wakafuata askari wa kila pembe ya dola ya Kiingereza, wakiwamo wale wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, walioandikwa jeshini kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, nao wakatokea madukani London wakiwa na tarbushi nyekundu na nguo za kaki, hata mtoto wa huko akaweza kumiliki askari wa Nairobi kabla hajaijua Nairobi iko upande gani wa dunia.

Mchezo huo ulichukua sura ya wachezaji wake. Winston Churchill, ambaye utotoni alikuwa na jeshi la vijiaskari karibu 1,500, asimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1930 kwamba nduguye Jack, aliyeongoza majeshi ya adui, aliruhusiwa askari wasio Wazungu tu, tena pasipo mizinga. Na yeyote aliyesoma tarikhi ya vita vya ukoloni ataona kwamba watoto wale wawili walikuwa wamewaangalia wakubwa wao kwa makini. Mwandishi H. G. Wells alishika njia nyingine: mwaka 1913 alitoa kitabu, Little Wars, chenye kanuni za vita vya sakafuni, ambamo mzinga mdogo wa springi ulirusha kipande cha mti na kuangusha safu za askari, naye akawahimiza watu wazima waridhike na maangamizi ya kiasi hicho. Mwaka uliofuata mataifa ya Ulaya yakapigana.

Mzinga wa Wells ulivunja shingo za vijiaskari. Hewa ya kabati huua polepole zaidi. Mti wa mwaloni, ambao watu wa Ulaya huupenda kwa makabati ya fahari, hutoa mvuke wa asidi ya siki, na kadhalika baadhi ya makaratasi na gundi. Mvuke huo huila risasi, kisha hewa ya ukaa hugeuza kile kilicholiwa kuwa unga mweupe wenye sumu, na asidi, ikiisha kufunguliwa hivyo, hurudi kuanza kazi yake upya, mpaka askari akabomoka ndani ya rangi yake iliyo bado nzuri. Bati tupu lina maradhi yake pia, kwani chini ya nyuzi 13 za sentigredi laweza kugeuka taratibu kuwa unga wa kijivu. Ndiyo sababu mkusanyaji mwenye maarifa huweka jeshi lake katika kioo na chuma, mahali pakavu, wala haigusi chembe nyeupe kwa mkono mtupu.

Maarifa kama hayo hayapatikani kwa kukaa peke yako, na hapa ndipo uraibu huu ulipogeuka kuwa suhuba. Chama cha Uingereza, British Model Soldier Society, kiliasisiwa London mwaka 1935. Wapenzi wa sanamu bapa huenda Kulmbach, Ujerumani, ambako ngome ya Plassenburg ina makumbusho ya sanamu za bati na mji huwa na soko lao. Na wa Marekani hukutana Chicago. Katika meza za mikutano hiyo mtu hukipindua kijiaskari kabla ya kukitazama uso, kwa kuwa kitako cha duara chenye karatasi kwa kawaida ni cha zamani kuliko cha mraba chenye maandishi yaliyosubiwa, na mzee wa kazi humwonya mgeni kwamba tarehe iliyoandikwa pale ni ya haki ya umbo, si ya siku askari alipozaliwa, onyo ambalo limemwokolea mtu fedha nyingi.

Hapo pia ndipo mgeni afundishwapo tiba ya shingo iliyovunjika. Hukatwa kipande cha kijiti cha kiberiti, nusu yake ikatiwa katika uvungu wa mwili na nusu katika uvungu wa kichwa, na kichwa kikasimama tena mahali pake. Ni tiba ambayo askari wa Dresden, aliyejaa madini, hana pa kuipokelea. Kiwanda cha familia ya Britain, Britains, kiliacha kusubu vijiaskari vya risasi mwaka 1966, plastiki ilipokwisha kutwaa soko, na tangu hapo kila mkono uliopotea na kila farasi aliyekatika mguu hutafutwa katika masalio ya wengine.

Sanduku lililotimia, ambalo nyuzi zake hazijafunguliwa, ndilo la thamani kubwa mnadani, na mwenye fedha aweza kulipata pasipo kujuana na mtu. Lakini mwenye askari saba hana budi kumtafuta mwenye wa nane, na aliye na mpiga ngoma asiyejua kikosi chake hana budi kumwuliza ajuaye, na ajuaye naye amepungukiwa na bendera. Hivyo jaji, fundi wa mabomba na mwalimu aliyestaafu huketi meza moja, kila mmoja akiwa na haja kwa mwenzake, nao huagana kwa ahadi ya kuandikiana.