Somo la Redio: Karani Aambiwe "Anza"

Fungueni madaftari, tusome pamoja.

Mkulima wa nyanya hutaka kujua kama kesho mvua itanyesha. Mvua kubwa ikizikuta nyanya zimeiva shambani, hasara ni yake. Habari za mvua hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, nayo hutumia kompyuta. Hesabu za hewa ni kubwa mno kwa kompyuta moja. Basi kompyuta nyingi hugawana, kila moja kipande chake cha nchi. Lakini upepo hauna mpaka. Kompyuta yenye kipande cha Iringa haiwezi kuendelea mpaka ipate habari za kipande cha jirani. Kwa hiyo hupelekeana barua. Kanuni za barua hizo huitwa MPI, nazo zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1994.

Kompyuta inayongoja barua haifanyi kazi. Utabiri wa kesho ukitoka kesho kutwa, utamfaa nani? Ndiyo sababu hupimwa: barua ngapi zimengoja, na kwa muda gani. Njia ya kusoma vipimo hivyo iliongezwa katika MPI mwaka 2012.

Sasa sikilizeni vema. Fikirini mnapakia matenga ya nyanya katika lori. Karani amekaa, daftari liko wazi, kalamu iko mkononi. Hakuna aliyemwambia aanze. Jioni mnafungua daftari: sifuri! Nyanya zimekwenda, hesabu haipo.

Vipimo vya MPI ni vivyo hivyo. Kwanza mpimaji hufungua kikao. Kisha hukishika kipimo anachokitaka. Wengi huishia hapo, wakidhani kazi imekwisha. La! Kipimo kilichoshikwa bado kimelala. Lazima kipewe amri ya kuanza, kabla ya kazi yenyewe. Ubaya wa sifuri ni kwamba yafanana na habari njema: mtu husoma, hufurahi kuwa hakuna barua iliyongoja, kumbe hakuna aliyehesabu. Tena amri hiyo haivuki kwenda kwa jirani. Kila sehemu ya kazi huanzisha vipimo vyake yenyewe. Yenye vipimo vingi katika kikao yaweza kuvianzisha vyote kwa amri moja.

Viko vipimo vingine visivyolala kamwe, kama mita ya umeme ukutani. Ukikiambia kimoja "anza", utajibiwa kwamba hakianzishwi wala hakisimamishwi. Usigombane nacho. Soma kabla ya kazi, soma baada ya kazi, kisha toa.

Haya, andikeni. Kipimo cha namna ya mita kilisomeka 412 kabla ya kazi, na 437 baada yake. Barua ngapi zilingoja? Mwalimu wenu atasahihisha. Kwa herini.